Nani Ameshika Bisibisi?

Neno roboti lina umri wa miaka mia moja na ushei tu. Lilizaliwa katika mchezo wa kuigiza wa mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920 na kuchezwa jukwaani mjini Prague mwaka uliofuata. Mwenyewe alieleza kwamba neno hilo alipewa na kaka yake, Josef, aliyekuwa mchoraji. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ambayo wazee wetu walioishi wakati wa Mjerumani wangeitambua mara moja: shokoa, yaani kazi ya lazima isiyo na ujira.

Historia ina vituko vyake. Neno lililoanza kwa maana ya kufanyishwa kazi usiyoichagua, leo limekuwa jina la kazi ambayo watoto wa shule nyingi duniani huichagua wenyewe baada ya masomo, hata jua likazama hawataki kurudi nyumbani. Na miongoni mwa watoto hao wamo wasichana, ambao kwa vizazi vingi waliambiwa kwamba mashine si mambo yao.

Mimi nilisomea ualimu chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafundisha hisabati na fizikia, kisha nikawa mkuu wa shule mpaka nilipostaafu. Walimu vijana wanaokuja kunisalimu hupenda kuniuliza: "Mwalimu, tufanye nini ili wasichana waupende uhandisi?" Wengi wao huwa wamekwisha kuwa na jibu lao, nalo ni kwamba wahamasishwe. Aletwe mgeni rasmi, asome hotuba, wasichana wapige makofi. Sina ugomvi na hotuba. Lakini ukiifuatilia historia fupi ya roboti shuleni, utaona kwamba inatoa jibu jingine, jibu la vitendo. Inatuambia tutazame ni nani ameshika bisibisi.

Ndugu msomaji, kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, nilikuwa bado mwanafunzi. Andiko lile lilitaka shule ziunganishe akili na mikono, nasi tulilipokea kwa moyo. Ila mikono yenyewe ilikwisha kugawanywa zamani. Katika shule nilizozifahamu, mvulana alipewa randa, msumeno na tupa; msichana alipewa sufuria, pasi na cherehani. Na ajabu ni kwamba cherehani ni mashine kamili, yenye gurudumu, mkanda na vyuma vinavyogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kupanda na kushuka. Msichana aliruhusiwa kuikanyaga kutwa nzima, lakini ikigoma, aliitwa mvulana aje aifungue.

Hakuna aliyetangaza kwamba msichana haruhusiwi karakanani. Kazi hiyo ilifanywa na ratiba. Nakumbuka shule moja niliyofundisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo sina haja ya kuitaja jina. Somo la ufundi na somo la sayansi kimu yalipangwa siku moja, kipindi kimoja, Jumatano baada ya mapumziko. Palikuwa na binti wa kidato cha pili aliyekuwa akiniuliza maswali ya umeme ambayo darasa zima halikuyawaza. Siku moja aliniuliza kwa nini balbu mbili zikifungwa mfululizo hufifia, na zikifungwa sambamba hung'aa vilevile. Nilimjibu ubaoni, kwa chaki. Jibu lenyewe lilikuwa karakanani, kwenye meza yenye betri, nyaya na balbu, hatua mia moja kutoka jikoni alikokuwa akijifunza kukaanga maandazi. Nilipeleka ombi kwamba ratiba ibadilishwe. Nikajibiwa kwamba mwalimu wa ufundi ni mmoja, mwalimu wa sayansi kimu ni mmoja, na hakuna jinsi. Binti yule alimaliza shule vizuri akaajiriwa ukarani. Si kazi ya kubeza, na aliifanya kwa heshima. Ila mpaka leo sijui nchi ilikosa nini siku zile za Jumatano.

Sasa, katika miaka hiyohiyo ambayo ratiba zetu zilikuwa zikiwagawa watoto, kulikuwa na watu mbali na hapa, nchini Marekani, waliokuwa wakijaribu jambo ambalo halijapata kufanyika: kumpa mtoto mdogo mashine aiamuru yeye. Aliyejulikana zaidi kati yao ni mwana wa Afrika. Jina lake Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, mwaka 1928, mtu aliyeupinga ubaguzi wa rangi wa kwao tangu ujana. Kabla ya kwenda Marekani alifanya kazi mjini Geneva pamoja na Jean Piaget, yule ambaye sisi wa vyuo vya ualimu tulikariri hatua zake za makuzi ya mtoto usiku wa kuamkia mtihani. Papert hakukariri hatua. Alichochukua kwa Piaget ni imani kwamba mtoto hujenga maarifa yake mwenyewe, kwa kushika, kujaribu na kurekebisha. Aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, kwamba yeye mwenyewe alianza kuelewa hisabati kwa kupenda giya za magari akiwa mtoto mdogo sana.

Mwaka 1967 Papert na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta iliyobuniwa kwa ajili ya watoto. Nimesema "na wenzake", na hapa ndipo historia inapotaka kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa mara nyingi Papert hutajwa peke yake. Wenzake walikuwa Wally Feurzeig na mwanamke aitwaye Cynthia Solomon. Solomon hakuanza kama mtaalamu wa kompyuta. Chuo kikuu alisoma historia, kisha akafanya kazi ya ukatibu muhtasi katika chuo cha MIT, ofisini kwa Marvin Minsky, na ni huko ndiko alikojifunza kuandika programu. Naomba msomaji alipime jambo hilo. Karani wetu na katibu muhtasi yule hawakutofautiana kwa akili. Walitofautiana kwa umbali kati ya kiti chao na mashine, na kwa kuwa mmoja wao aliruhusiwa kuigusa.

Muda si mrefu Logo ilipewa mwili. Ilikuwa roboti ndogo ya mviringo, yenye magurudumu, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya na kubeba kalamu tumboni. Waliiita kobe. Mtoto aliandika amri: mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, akairudia mara nne, na kobe akachora mraba sakafuni. Jambo rahisi. Lakini mwambie mtoto achore pembetatu ya pande sawa. Mtoto anajua, kwa kuwa mwalimu amemwambia, kwamba kila pembe ya umbo hilo ni nyuzi 60. Basi anamwamuru kobe ageuke nyuzi 60. Kobe anatii, anapita kwingine kabisa, na akiendelea hivyo mara sita anachora umbo la pande sita. Hapo mtoto anasimama, anatembea mwenyewe sakafuni kama kobe, na anagundua kwamba anayetembea hageuki kwa pembe ya ndani, bali kwa pembe ya nje, nayo ni nyuzi 120. Nimefundisha pembe za nje kwa miaka mingi, ubaoni, na ninakiri bila haya kwamba kobe ni mwalimu hodari.

Kinachonivutia zaidi ni namna kobe anavyopokea kosa. Hacheki. Hamwiti mtoto mjinga mbele ya wenzake. Hajui kama aliyempa amri ni Juma au Mwajuma. Anafanya alichoambiwa, na kosa linabaki sakafuni likiwa mstari wa kalamu, tayari kuchunguzwa. Walimu wote tunawajua wasichana waliojifunza kunyamaza darasani, si kwa sababu hawana jibu, bali kwa sababu jibu la kukosea lina gharama kubwa kwao kuliko kwa mvulana. Mvulana akikosea, amekosea Juma. Msichana akikosea, wamekosea wasichana wote. Mbele ya kobe gharama hiyo hupungua.

Mwaka 1990 Papert na mwanazuoni mwanamke, Sherry Turkle, waliandika makala wakieleza kwamba kuna zaidi ya njia moja ya kuifikiria kompyuta. Wapo wanaopanga kila kitu kwanza, kisha wakajenga. Wapo wanaojenga kidogo, wakatazama, wakaongea na kazi yao kama mpishi anavyoonja mchuzi, kisha wakaendelea. Shule zilikuwa zikiihesabu njia ya kwanza peke yake kuwa ni akili, na hivyo kuwafukuza watu wengi wenye uwezo, wasichana wakiwa wengi kati yao. Roboti, kwa jinsi ilivyo, inazipokea njia zote mbili.

Mwanamke mwingine katika habari hii ni Radia Perlman. Akiwa mwanafunzi MIT katika miaka ya 1970, aliona kwamba hata watoto wasiojua kusoma wangeweza kumwongoza kobe. Akatengeneza chombo alichokiita TORTIS: kisanduku chenye vitufe, kila kitufe na amri yake, na baadaye kadi za plastiki zilizochomekwa kwa mpangilio hadi zikawa programu. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano walikitumia. Vitu vingi vya kuchezea vinavyouzwa leo kwa jina la kuwafundisha watoto wadogo programu ni wajukuu wa kazi hiyo. Lakini Perlman aliiacha. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba, akiwa karibu mwanamke peke yake mahali pale, alitaka ahesabiwe kuwa mwanasayansi wa kweli, naye aliona haya kidogo kwamba kazi yake ilihusu watoto wadogo wa kupendeza. Aliingia katika mitandao ya kompyuta, na mwaka 1985 akabuni kanuni inayoyazuia mawasiliano yasizunguke bila mwisho ndani ya mtandao, kanuni iliyosaidia mitandao mikubwa kuwezekana. Dunia ilipata faida hapo. Lakini elimu ya watoto ilipoteza, na sababu ya kupoteza haikuwa upungufu wa kipaji, ilikuwa haya aliyotiwa na mazingira.

Kwa hiyo tunaposema leo kwamba tunataka "kuwaleta" wasichana kwenye roboti za shule, tuseme kwa adabu. Wanawake walikuwapo jengo lilipokuwa linachimbiwa msingi.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya mashindano. Pale MIT, katika miaka ya 1970, mwalimu mmoja wa uhandisi, Woodie Flowers, alibadili namna ya kufundisha usanifu wa mashine. Kila mwanafunzi alipewa sanduku lenye vikorokoro vilevile, akatakiwa atengeneze chombo cha kushindana na vya wenzake mbele ya umati. Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST, akashirikiana na Flowers, na mwaka 1992 wakafanya mashindano ya kwanza ya shule za sekondari katika ukumbi wa michezo wa shule mjini Manchester, jimbo la New Hampshire. Timu zilikuwa 28. Kusudi la Kamen lilikuwa kwamba vijana wawastahi wahandisi kama wanavyowastahi wachezaji mpira. Mwaka 1998 kampuni ya Lego ikaleta sokoni matofali ya kuchezea yenye kompyuta ndani, ikayaita Mindstorms kwa heshima ya kitabu cha Papert, na tangu hapo roboti ikaingia hata katika shule za watoto wadogo.

Mashindano yana kheri zake na hatari yake. Kheri ni kwamba kazi inapata mwisho, tarehe, watazamaji na sababu. Hatari niliiona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutazama mashindano madogo ya roboti ya shule za mkoa ninakoishi. Vikundi vilikuwa saba, vyote vya wavulana na wasichana pamoja. Kwa kuwa masikio yangu si mazuri tena, nilipita kati ya meza nikitazama mikono. Katika meza tano mambo yalikuwa hivi: mvulana mmoja ameshika bisibisi, mwingine anabonyeza kompyuta, na msichana ana daftari. Alipewa daftari kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Wageni walipofika, alipewa pia kazi ya kueleza, kwa kuwa anajua kusema. Hakuna aliyemkataza kitu. Kila mtu alikuwa na adabu. Mwisho wa siku aliondoka akiwa ameshiriki, jina lake liko kwenye cheti, na mikono yake haijagusa skrubu hata moja. Ratiba ya Jumatano ilikuwa imefufuka, safari hii ndani ya chumba kimoja.

Meza moja ilikuwa tofauti. Mwalimu wao, dada mmoja kijana wa fizikia, alikuwa na saa mkononi. Kila baada ya dakika ishirini alipiga makofi, na kila mwanafunzi akahama nafasi: wa daftari akaenda kwenye bisibisi, wa bisibisi kwenye kompyuta, wa kompyuta kwenye daftari. Nilipokuwa hapo, roboti yao iligoma kwenda mbele. Ilizunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu. Zamu ilikuwa ya msichana mmoja mdogo wa umbo. Akaiinamia, akaitazama magurudumu, akaona kwamba moja linakwenda mbele na jingine linarudi nyuma. Akachomoa nyaya mbili za mota moja, akazigeuza, akazirudisha. Roboti ikaenda. Mvulana aliyekuwa akisubiri zamu akamuuliza, "Umefanyaje?" Naye akamweleza, bila majivuno, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Nilimuuliza mwalimu yule kwa nini anatumia saa. Akanijibu, "Shikamoo, Mzee. Nisipowahamisha, kila mmoja atafanya anachokijua tayari. Na wasichana wangu wanachokijua tayari ni kuandika." Sijasikia maelezo bora ya ualimu kwa muda mrefu.

Huenda jambo hilo ndilo linalotusaidia kuelewa habari ya Mamfe. Mamfe ni mji wa vilima vya Akuapem, mashariki mwa Ghana, wenye shule ya wasichana ya Kimethodisti. Mwezi Mei 2019 timu ya shule hiyo ilikwenda jimbo la Michigan, Marekani, kwenye fainali za dunia za Robofest, mashindano yaliyoanzishwa na chuo kikuu cha Lawrence Technological mwaka 1999, na ikarudi na ubingwa. Watu walishangaa. Mimi nilishangaa kidogo tu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika shule ya wasichana watupu hakuna mvulana wa kumwachia bisibisi. Skrubu ikilegea, ataikaza msichana, la sivyo itabaki imelegea. Ya pili, ushindi ule haukudondoka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 2011 Waghana wenyewe, wa ndani na wa ughaibuni, walikuwa wameanzisha taasisi ya kufundisha roboti mashuleni. Mmoja wa waanzilishi ni Ashitey Trebi-Ollennu, mhandisi wa Kighana aliyeshiriki katika kuuongoza mkono wa chombo cha InSight kilichotua katika sayari ya Mirihi Novemba 2018. Basi mabinti wale walikuwa na miaka ya maandalizi nyuma yao, na mtu wa kwao wa kumtazama.

Sisemi kwamba dawa ni kuwatenga wasichana na wavulana. Nasema kwamba shule ya wasichana inatuonesha kinachotokea visingizio vikiondolewa. Shule ya mchanganyiko inaweza kupata matokeo hayohayo kwa saa ya yule dada.

Lakini historia hii ina sura ngumu pia, na nisingekuwa mkweli kama ningeifunika. Mwaka 2017 yalifanyika mjini Washington mashindano ya kwanza ya FIRST Global, yaliyokusanya vijana wa nchi zaidi ya 150. Kazi ya mwaka huo ilihusu maji: roboti zilitenganisha mipira ya buluu, iliyowakilisha maji safi, na ya rangi ya machungwa, iliyowakilisha uchafu. Wasichana sita wa Herat, magharibi mwa Afghanistan, walitengeneza roboti yao, huku vifaa vyao vikiwa vimecheleweshwa forodhani kwa miezi. Wakaomba viza ya Marekani, wakanyimwa. Wakasafiri tena mamia ya kilomita hadi Kabul, wakaomba tena, wakanyimwa tena. Habari zikaenea duniani, rais wa Marekani mwenyewe akaingilia kati, nao wakafika muda mfupi tu kabla ya mashindano. Walipewa medali ya fedha kwa ujasiri wao. Siku chache baada ya kurudi nyumbani, tarehe 1 Agosti 2017, baba wa nahodha wao aliuawa katika shambulio la msikiti mjini Herat.

Hawakuacha. Mwaka 2020, wakati wa korona, wasichana wa timu hiyo walitengeneza mfano wa mashine ya kusaidia kupumua kwa kutumia vipuri vya Toyota Corolla zilizokwisha kutumika. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2021, Taliban wakaingia Kabul, na baadhi ya wanatimu wakakimbilia Qatar na Mexico. Septemba mwaka huohuo shule za sekondari zikafunguliwa kwa wavulana peke yao, na Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwa wanawake. Hadi ninapoandika, milango hiyo haijafunguliwa.

Naitaja habari ya Herat kwa sababu inakata mzizi wa hoja niliyoisikia maisha yangu yote, kwamba wasichana wenyewe hawapendi. Mahali ambapo msichana hapendi, hakuna haja ya amri ya kumzuia. Na inatufundisha jambo jingine: bisibisi aliyokabidhiwa msichana leo inaweza kunyang'anywa kesho. Kwa mabunduki kule. Kwa ratiba, kwa daftari na kwa mwandiko mzuri huku kwetu.

Najua nitakayoulizwa. Shule zetu nyingine hazina madawati, roboti si anasa? Swali ni la haki. Lakini tukumbuke sanduku la Flowers: lilikuwa la vikorokoro. Mota ndogo imo ndani ya redio kaseti iliyokufa. Betri, nyaya na swichi zinapatikana kwa fundi redio wa mtaani, na chupa ya plastiki ina vifuniko vinavyofaa kuwa magurudumu. Chombo cha namna hiyo hakina kompyuta, na hakitashinda popote. Lakini kinazunguka palepale nyaya zikikosewa, na kinakwenda mbele zikirekebishwa, na somo ndilo hilo. Vifaa vya gharama vitakuja wakati wake.

Nitaulizwa pia kama kila msichana anayecheza na roboti atakuwa mhandisi. La hasha. Roboti hufungua hamu, haiondoi hisabati. Msichana aliyeamka kwa roboti akakuta hakuna mwalimu wa fizikia kidato cha tatu atalala tena. Ndiyo maana nazifurahia shule za bweni za sayansi za wasichana zinazojengwa mikoani, na mkondo wa amali ulioanza katika sekondari zetu mwaka 2024. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mkondo huo ni nafasi ya kumkunja. Lakini mkondo ni karatasi mpaka mwalimu aufikishe mezani. Ukiwa na wavulana kwenye magari na umeme, na wasichana kwenye upishi na ushonaji, kwa kuwa tu ndivyo walivyojipanga foleni siku ya kwanza, tutakuwa tumejenga karakana mpya kwa ramani ya zamani.

Basi, ndugu zangu walimu, ushauri wangu ni mfupi na hauhitaji fedha. Mtazame ratiba kabla ya kutazama hotuba. Ingieni karakanani au maabara mkatazame mikono. Kama msichana ana daftari wiki hii, wiki ijayo awe na bisibisi, na mvulana ajifunze kuandika ripoti inayosomeka, kwani mhandisi asiyejua kuandika naye ni hasara. Kosa likitokea, liachwe mezani mpaka aliyelifanya alirekebishe mwenyewe; msimpokonye kwa kumhurumia. Na wazazi nao, cherehani ya nyumbani ikigoma, wamwite binti yao, wampe bisibisi na mafuta ya cherehani, wakae pembeni wasubiri.